Shikamoo Kwanza, Waya Baadaye

Kona ya Juu inaitwa hivyo kwa sababu ipo juu ya kona. Waliokipa kitongoji jina hawakuwa watu wa kupoteza maneno. Ukitoka Soni kwa bodaboda, ukaacha soko na malori ya kabichi nyuma yako, unapanda barabara ya vumbi mpaka dereva aanze kulalamika, hapo umekaribia. Nyumba zetu zimejibanza nyuma ya mlima kiasi kwamba mnara wa simu ulioko bondeni hautuoni, nasi hatuuoni, na kwa miaka mingi pande zote mbili ziliridhika na hali hiyo. Aliyetaka kupiga simu alipanda hadi makaburi ya Walutheri, ambako mtandao ulishika vizuri, na ndiyo maana habari zetu nyingi za harusi na watoto wachanga zilipokelewa makaburini.

Aliyevuruga utulivu huo ni Kassimu, mwenye steshonari. Kassimu hutoa fotokopi, hupiga picha za pasipoti, na anajua kompyuta kwa kiwango kinachotosha kuwatisha wasiojua. Mchana mmoja alionekana akizunguka kitongoji na modemu aliyoifunga kwenye ncha ya mti wa fagio, waya mrefu ukimfuata hadi kwenye laptopu iliyobebwa na mkewe kama mtoto wa kubatizwa. Walitafuta mtandao kwenye mabanda ya ng'ombe, kwenye migomba, juu ya paa la darasa la tatu. Waliupata mahali pamoja tu: dirisha la nyuma la sebule ya Josephina, linalotazama lile pengo la milima ambalo kupitia humo, siku isiyo na ukungu, unaiona Mombo ikiungua na joto lake huko chini.

"Mama, dirisha lako lina mistari minne," Kassimu alimwambia.

"Lina vioo vinne," Josephina alimrekebisha. "Kimoja kimepasuka."

Hivyo ndivyo alivyoingizwa kwenye teknolojia. Palipatikana kompyuta moja nzito, yenye kamera ndogo juu ya skrini, iliyostaafu kutoka ofisi fulani ya Lushoto mjini. Iliwekwa chini ya dirisha hilo, ikachomekwa modemu, na kutoka kwenye kompyuta hiyo ukatolewa waya kwenda kwenye kisanduku cheusi chenye matundu na taa za kijani. Kutoka kwenye kisanduku, waya nyingine zilipita dirishani, zikakatiza migombani juu ya miti ya kuegemezea, zikafika sehemu tatu: steshonari ya Kassimu, ofisi ya chama cha wakulima wa mboga, ambayo ni chumba kimoja na katibu mmoja, Nathanaeli, na nyumba ya walimu, alikokuwa akiishi Witness, binti aliyemaliza chuo na kujitolea kufundisha wakati akisubiri ajira. Intaneti iliingia kwa Josephina kwanza, kompyuta yake ikaigawa. Kompyuta ikizimwa, kitongoji kizima kinarudi makaburini. Bando tulichangiana. Umeme ulikuwa wa Josephina, na hakuwahi kutuomba hata senti, jambo lililotufanya sote tuwe wanyonge mbele yake.

Sasa, wengine wangeuacha mtambo huo ufanye kazi yake. Ila Josephina si mtu wa kupewa waya akakaa nazo tu.

Baba yake alitoka Songea kuja kuchuma chai, akiwa na nia ya kukaa misimu miwili. Alizikwa hapa. Josephina alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba, akasomeshwa na masista, na alipomaliza akapewa kiti mbele ya swichibodi ya ofisi ya shamba. Alikaa kwenye kiti hicho mpaka simu za waya zilipokufa. Maisha yake yote ya kazi alichomeka waya ili watu waongee na kuchomoa waya walipomaliza. Kijijini alipata majina mengi, Mama Alen, bibi, shangazi, lakini aliloitikia haraka zaidi ni Opereta.

Kassimu alipomwonyesha kisanduku cheusi, waya tatu na taa zinazopepesa, alidhani anamweleza kitu kipya. Josephina aliyahesabu matundu.

"Kidogo hiki," alisema. "Kule tulikuwa na laini hamsini."

Tangu siku hiyo mtandao wetu ukaendeshwa kwa taratibu za shamba la chai. Jioni Josephina alichomoa waya zote tatu, akazifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Kompyuta nayo ilifumiwa cha kwake, cheupe chenye maua ya zambarau, kama televisheni ya mtu anayejiheshimu. Kassimu alimwonya kwamba mashine itapata joto. Josephina akafuma kingine, chenye matundu makubwa zaidi.

Asubuhi waya hazikurudi zenyewe. Ilibidi uende. Ulipiga hodi, ukavua viatu, ukasema shikamoo, ukaitikiwa marahaba, ukaulizwa habari za nyumbani, za mifugo na za yule aliyekuwa anakohoa, ukanywa chai yenye tangawizi, ndipo Opereta alipoinuka, akafunua kitambaa na kuchomeka waya wako. Nathanaeli, ambaye ana mvi na wajukuu, alijaribu mara moja kumtuma mtu amwombee laini.

"Mwambie katibu," Josephina alimjibu yule mtu, "anayetaka kuongea na Dar es Salaam aanze kuongea na mimi."

Nathanaeli akaja mwenyewe. "Onga maundo," aliamkia mlangoni kwa Kishambaa, akidhani lugha ya nyumbani itampunguzia safari ya maneno. Josephina alimjibu kwa Kishambaa chenye lafudhi ya Songea, kirefu kuliko cha Nathanaeli, na chai ikawa vikombe viwili.

Kulikuwa pia na suala la taa. Taa ya kijani ikipepesa, Josephina alielewa kwamba mtu anaongea. Ikitulia, alielewa kwamba wameagana, akachomoa. Kassimu alikatwa katikati ya mambo mengi kwa njia hiyo.

"Mama, nilikuwa nasoma tu. Ukurasa ukishafunguka taa inatulia."

"Kama umeshaupata, waya wa nini tena?"

Kassimu alirudi dukani, akaanza kusoma kwa haraka zaidi. 

Yote haya tuliyavumilia, na niseme ukweli, hatukuyavumilia kwa sababu ya heshima peke yake. Tulijua. Mume wa Josephina alifariki zamani, mwanawe Alen yuko Mwanza na huja Krismasi ya mwaka wenye bahati. Nyumba yenyewe iko mwisho wa njia. Baada yake ni bonde. Huwezi kupita kwa Josephina ukielekea mahali pengine. Kabla ya zile waya, palikuwa na majuma ambayo mlango ule ulifunguliwa na yeye tu, akitoka na akiingia. Baada ya zile waya, alinunua chupa kubwa ya chai. Hakuna aliyelizungumza jambo hili. Tulikunywa chai.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya neno "kidogo".

Witness alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kazi, usaili wa kwenye kompyuta, waajiri wakiwa Dar es Salaam na yeye kwenye nyumba ya walimu. Hakumwambia mtu. Mambo ya kazi huku hayatangazwi kabla hayajaiva. Ukiyatangaza, wa kukupongeza watakuwa wengi mno na mapema mno. Kwa hiyo asubuhi ile aliamkia, akanywa chai, na alipoulizwa ana shughuli gani alisema, "Nina maongezi kidogo, bibi."

Josephina alilichukua neno kama lilivyo. Katika kazi yake, simu ya mbali ilikuwa dakika tatu. Zikiisha, opereta anaingia kwenye laini na kuuliza: unaongeza? Ukijibu unaongezewa. Usipojibu, kuna wengine kwenye foleni. Witness alikuwa kipenzi chake, kwa hiyo alimpa hizo tatu, akampa tena, akampa tena. Taa ilipepesa bila kupumua. Kisha Nathanaeli akaingia, kofia mkononi.

"Mama, leo hakuna kitu kinachokwenda. Nimetuma picha za karoti tangu saa ile. Mnunuzi anasema ameona majani tu."

"Ni Witness. Anaongea."

"Anaongea na nani muda wote huo?"

"Siyo kazi yangu kujua," alisema Josephina, ambaye hakuwahi kusikiliza simu ya mtu na alitaka lijulikane.

Alitoka nyuma, akasimama kwenye migomba na kuita kuelekea nyumba ya walimu: "Witness! Unaongeza?" Akasubiri. Akaita tena. Witness alikuwa amevaa hedifoni, akiwaeleza watu watatu wenye tai kwamba yeye ni mvumilivu na anafanya kazi vizuri chini ya shinikizo. Hakujibu. Opereta akarudi ndani, akachomoa waya.

Picha za karoti zikaenda vizuri sana.

Witness alifika akiwa na kandambili moja. Hata katika hali hiyo, alisimama kizingitini.

"Shikamoo bibi. Umenikata."

"Marahaba. Nilikuuliza kama unaongeza."

"Nilikuwa kwenye usaili."

"Usaili wa nini?"

"Wa kazi. Dar. Kwenye kituo cha kupokea simu za wateja."

Josephina aliketi. "Kazi ya kufanya nini hasa?"

"Mtu anapiga simu, unampokea, unamuuliza shida yake, unamuunganisha na anayehusika."

"Hiyo ni kazi ya opereta."

"Siku hizi inaitwa mhudumu wa wateja."

"Waite wanavyotaka," alisema Josephina, na Nathanaeli anaapa kwamba sauti yake ilibadilika. "Kaa kwenye kiti hiki. Wapigie kutoka hapa hapa."

Alichomoa waya wa Nathanaeli. Alichomoa waya wa Kassimu. Alivua kompyuta kitambaa chake. Witness alipowapata tena wale watatu, kabla hajafungua mdomo, kando ya uso wake kikatokea kilemba cha Josephina, kikafuatiwa na Josephina mwenyewe.

"Hapa ni opereta wa Kona ya Juu," alisema, kwa Kiswahili ambacho sijawahi kumsikia akiombea chumvi. "Mgeni wenu hakukata. Tumekata sisi, na kosa ni la kwetu. Samahanini kwa usumbufu. Ninawaunganisha. Endeleeni."

Akarudi nyuma, akasimama wima pembeni ya kisanduku mpaka usaili ulipoisha, mkono ukiwa juu ya zile waya kama mtu anayemzuia ndama. Kassimu alipanda kutoka dukani akiwa na wateja wawili nyuma yake na maneno mengi mdomoni. Alioneshwa kidole cha shahada kikiwa juu ya midomo, akashuka nayo yote.

Jioni ile ile Kassimu aliitisha kikao.

Kikao kilifanyika dukani, kati ya mashine ya fotokopi na mabunda ya karatasi. Josephina alipewa kiti kizuri, ishara ya kwanza kwamba mambo si mazuri. "Mama yetu tunamheshimu," Kassimu alianza, na sentensi ikianza hivyo anayetajwa ajiandae. Alieleza kwamba sasa kuna ruta ya kufunga nje ya nyumba, inakamata mtandao yenyewe na kuugawa yenyewe kwa hewa. Hakuna kompyuta ya kati. Hakuna waya migombani. Hakuna wa kuchomoa.

Alimgeukia Nathanaeli amuunge mkono. Nathanaeli alikohoa, na kikohozi chake kikaingizwa kama kura ya ndiyo.

Josephina aliuliza swali moja. "Itakaa wapi?"

"Hapo hapo kwako, mama. Mtandao uko kwako tu. Ukutani, juu ya lile dirisha. Kwa nje."

"Kwa nje."

"Kwa nje, ndiyo."

"Kwa hiyo mtu hatahitaji kuingia ndani."

"Hatutakusumbua tena, mama."

"Kwani nani amesema nasumbuliwa?"

Watu waliangalia mashine ya fotokopi. Josephina alijifunga khanga vizuri, akatuaga mmoja mmoja, akaondoka kabla soda hazijafunguliwa.

Ruta ilifungwa Oktoba. Fundi alikuwa Kassimu mwenyewe. Alitoboa fremu ya dirisha, akapitisha waya mwembamba mpaka kwenye soketi iliyo karibu na televisheni, akashukuru, akaondoka. Na lazima niseme kwamba ilifanya kazi. Karoti za Nathanaeli zilifika Dar kabla hajamaliza kuvuta kiti. Tuliperuzi vitandani. Niliwaona watu wazima wakitembea njiani huku wakitazama mpira na kuingia kwenye mtaro.

Kwa Josephina tulipita kwa mbali. Shikamoo zilirushwa kutoka njia panda, zikaitikiwa kutoka kwenye kibaraza. Salamu ilikuwa imekamilika na hakuna kikombe kilichochafuka. Vile vitambaa alivifua, akavianika siku nzima mahali ambapo kila mtu angeviona, akavikunja. Chupa kubwa ya chai ikapanda juu ya kabati. Nathanaeli aliniambia kwamba asubuhi, akishaketi ofisini, anajikuta hajui aanzie wapi. Nilimshauri aanze na kazi.

Witness alipata ile kazi. Alikuja kuaga na sanduku lake, akaketi sana, na akapewa mafunzo.

"Ukipokea simu usiseme haloo kama unamwita mbuzi," Josephina alimwambia. "Taja mahali ulipo, kisha nyamaza. Mtu mwenye shida anataka nafasi ya kuanzia."

"Sawa bibi."

"Na kabla ya kumkata, muulize."

"Wa kwetu haturuhusiwi kuwakata, bibi. Wanakata wao."

Josephina alilifikiria hilo kwa huzuni. "Basi hiyo ni nusu ya kazi," alisema. Basi la asubuhi likamchukua Witness, na kwa kuwa ni yeye peke yake aliyekuwa bado akiingia ndani ya nyumba ile, mlango ukabaki na mwenye nao.

Novemba mvua za vuli zilianza kwa ngurumo. Kwenye shamba la chai, radi ikilia, opereta huchomoa kila kitu. Aliyekuwa mkaidi alirushwa kwenye kiti, na Josephina alimfahamu kwa jina. Kwa hiyo jioni ile, radi ya kwanza ilipopasuka juu ya Soni, aliinuka na kuchomoa ruta kwenye soketi. Hapo hana lawama. Hata Kassimu anakiri.

Asubuhi kulikucha mbingu ikiwa imeoshwa, bila wingu. Josephina alifagia, akachemsha chai, akaketi. Hakuchomeka. Shambani laini haikufunguliwa mpaka mtu aiombe. Vinginevyo utajuaje kama kuna mtu upande wa pili?

Kassimu alizima na kuwasha kila kilichozimika dukani kwake. Alibadilisha neno la siri, akalisahau, akalibadilisha tena. Mwishowe alibeba ngazi, akapita nyuma ya nyumba ya Josephina, akaiegemeza ukutani na kupanda. Aliifuta ruta. Aliigonga kidogo. Alizungumza nayo. Ndani, Josephina alimsikiliza, akiwa amemaliza kikombe cha kwanza. Ndipo Kassimu alipoinama, akachungulia kioo kilichopasuka, akaiona plagi imelala sakafuni kando ya soketi, na akaonana uso kwa uso na mwenye nyumba.

Mtu hamwamkii mkubwa wake kupitia dirishani, tena akiwa kwenye ngazi. Kassimu analijua hilo, amelelewa. Alishuka, akazunguka nyumba nzima, akanawa matope miguuni kwenye bomba, akavua viatu.

"Hodi."

"Karibu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Kassimu. Habari za siku nyingi?"

"Nzuri, mama. Ile soketi..."

"Kaa kwanza. Mama yako goti linaendeleaje?"

Goti lilikuwa linaendelea vibaya, na lilichukua kikombe kizima. Kabla hakijaisha, mlangoni ilisikika hodi nyingine. Nathanaeli aliingia akiwa na kofia mkononi na sura ya mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Ofisini hakuna mtandao," alisema kwa furaha.

"Tumeshagundua," alisema Kassimu.

"Umekuja kuniamkia mimi au soketi?" Josephina alimuuliza Nathanaeli.

"Nimeanza na wewe, mama."

Chupa kubwa ilishushwa kutoka juu ya kabati. Baada ya kikombe cha pili Opereta aliinama, akachomeka, na huko nje simu zetu zote zikaanza kulia kwa pamoja.

Tangu siku hiyo huchomoa kila jioni, kwa sababu radi haitoi taarifa. Ruta imefumiwa kofia nyeupe yenye matundu makubwa. Asubuhi mmoja wetu huenda, mara nyingi watatu au wanne. Witness hupiga kutoka Dar siku za Jumapili, kwenye ile kompyuta ya zamani, ambayo Josephina alikataa isiondolewe. Huulizwa kama anaongeza, na huongeza.

Kassimu aliwahi kutangaza kwamba ruta ile inaweza kuendeshwa na sola, paneli moja ndogo juu ya paa, na soketi ya mtu isihusike kabisa. Paneli ameshainunua. Nimeiona dukani nyuma ya mabunda ya karatasi, ikiwa bado ndani ya boksi lake, na juu yake pamewekwa kalenda za mwaka jana. Nilimuuliza ataifunga lini. Alisema anasubiri jua likae vizuri. Ilikuwa Februari, saa mbili asubuhi, hakuna wingu kutoka hapa mpaka Mombo, na tulikuwa njiani kwenda kwa Josephina.